Sura ya Tisa ya Kitabu cha Udongo

Kila mwanzo wa mwezi nilikuwa nabandika karatasi kwenye mlango wa maktaba yetu hapa Bariadi. Juu niliandika kwa wino mzito, "Nilivyosoma mwezi huu," na chini yake vitabu vitano au sita, riwaya kwanza, kisha vitabu vya maarifa, kila kimoja na mistari mitatu ya kumshawishi msomaji. Hakuna aliyeniagiza. Mkuu wangu wa kazi, mama mtaratibu anayekaribia kustaafu, aliniambia tu nitumie upande wa nyuma wa karatasi zilizokwisha kuandikwa. Baada ya miezi michache nikaanza kuona watu wanasimama mlangoni kabla ya kuingia. Wengine waliipiga picha kwa simu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniita "mganga wa vitabu", na mimi, ambaye siamini waganga, nililipenda jina hilo.

Katika vitabu hivyo vitano au sita, nilichokuwa nimekisoma mpaka mwisho kilikuwa kimoja. Mwezi mzuri, viwili. Vingine nilisoma kurasa thelathini, au hamsini, nikanusa vilikokuwa vinaelekea, nikaandika. Kuna riwaya ya dada wawili waliorithi cherehani moja. Niliiacha ukurasa wa sitini, wakiwa bado wanabishana nani akae kwenye cherehani asubuhi na nani jioni, na mlangoni nikaandika kwamba mwisho wake utakutoa machozi. Yule mwalimu aliiazima, akairudisha, akanithibitishia kwamba kweli, machozi. Nikajiona nina kipaji.

Tabia hii niliitoa chuo kikuu, Dar es Salaam. Mhadhiri anakupa vitabu kumi kwa wiki, unasoma utangulizi na hitimisho, unaingia darasani unabisha. Mimi nilikuwa hodari wa kubisha. Likizo nilirudi nyumbani Maswa nikaendelea hukohuko: nilimuuliza mchungaji kwa nini mvua ikinyesha ni kazi ya Mungu na isiponyesha ni dhambi zetu, na mjomba nilimuuliza ng'ombe wanaongeza nini kwenye ndoa. Walinivumilia kama watu wanavyomvumilia mtu anayejifunza kupiga ngoma. Nilipopata kazi maktaba, hata hitimisho nikaacha kulisoma.

Kitabu cha udongo kilikuja ndani ya boksi la vitabu vya msaada. Chembamba, jalada la kijani, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri. Mwandishi alisema kwamba mkulima anayechoma masalia ya mazao shambani anachoma chakula cha shamba lake mwenyewe. Kwamba majani na mabua yakiachwa juu ya udongo yanaoza, yanashika unyevu, yanalisha. Nilisoma sura tano mchana mmoja, nimeketi nyuma ya meza ya kuazimishia, na nilikuwa nasoma kama mtu aliyeletewa shahidi wake.

Maana nilikulia kwenye pamba. Kila mwaka baada ya mavuno, bibi yangu alitutoa sisi wajukuu kwenda kung'oa miti ya pamba. Mti wa pamba uliokauka hautoki kwa mkono mmoja. Unainama, unaukamata karibu na ardhi, unavuta kwa kiuno, na ukichelewa mpaka ardhi ikaze, viganja vinatoka malengelenge, kisha malengelenge yanapasuka, kisha unaendelea. Tukimaliza tunalundika, tunachoma. Ilikuwa sheria: aliyeacha miti imesimama alifuatwa na viongozi wa kijiji. Nilimuuliza bibi kwa nini. Akasema wadudu. Nikamuuliza nani amewaona hao wadudu. Akaniambia nivute.

Kwa hiyo nilipofika ukurasa wa themanini na nane nilifunga kitabu nimeridhika, nikachukua karatasi. Niliandika hivi: "Kitabu hiki kinaonyesha kwamba kuchoma masalia shambani ni mazoea tuliyorithi bila kuuliza. Kila mkulima wa Simiyu akisome."

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja maktaba karibu kila wiki mbili kutoka kijiji cha upande wa Nkoma. Alisoma mpaka darasa la saba. Vitabu alivifunga kwenye kanga, akaviweka ndani ya beseni pamoja na alivyonunua sokoni, akarudi navyo kwa basi. Alikuwa katika kikundi cha wanawake kumi na wanne wenye shamba moja la pamba, na kazi yake kikundini ilikuwa kusoma. Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Anasoma ukurasa kwa Kiswahili, anafunga kitabu na kidole ndani, anausimulia ukurasa ule kwa Kisukuma, halafu wanajadili. Wengi wao Kiswahili wanakisikia, lakini cha vitabuni kinawapita juu. Yeye alikuwa akiniletea habari za mijadala yao. "Yule mwanamume wa kwenye riwaya," aliniambia siku moja akirudisha kitabu, "wamemkataa. Wanasema hata angekuja na ng'ombe arobaini." Halafu akaomba kingine.

Mwezi ule alisimama mlangoni akasoma karatasi yangu mara mbili, akaja mezani akaomba kitabu cha udongo. Alikipima kwa vidole, akakigeuza nyuma.

"Huku mwisho kuna nini? Mimi nasoma polepole, na wiki mbili ni chache."

"Mayu, huko mwisho anarudia yaleyale," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Ukifika sura ya tano umemaliza."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita. Sikusita. Nilisema huku nikigonga muhuri wa tarehe.

Alikirudisha kwa wakati wake, amechangamka. Alisema wenzake walibishana Jumapili mbili. Kuna waliosema haya ni mambo ya nchi za watu. Lakini yeye aliwatolea simu, akawasomea maneno yangu ya mlangoni aliyokuwa ameyapiga picha, akawaambia aliyeandika hivi amesoma chuo kikuu na amekisoma kitabu chote. Ndipo wakakubaliana. Mwaka huu hawatang'oa. Nilifurahi sana. Nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye nikamwambia kwamba maktaba inaweza kubadilisha kilimo cha mkoa mzima. Nadhani nilisema hivyohivyo, "mkoa mzima".

Mvua za kwanza zilipogusa, simu yake ikaingia. Waliitwa kikao cha kitongoji kwa ajili ya lile shamba. Mwenyekiti alitaka kukiona hicho kitabu. "Njoo nacho, mwanangu, uwaeleze vizuri," akaniambia. "Mimi Kiswahili chake kitanishinda mbele yao."

Nilikodi bodaboda. Njiani nilikuwa nikipanga maneno yangu, na nikiri kwamba niliyapanga kwa raha.

Kikao kilikuwa ndani ya darasa la shule ya msingi, watu wazima wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Alikuwepo mwenyekiti, wale wanawake kumi na wanne, jirani ambaye shamba lake limepakana na lao, na afisa ugani wa kata, dada wa rika langu aliyevaa buti zenye tope. Tulisalimiana kwa Kisukuma kirefu, kama inavyotakiwa. Kisha jirani akaeleza shida yake. Yeye ameng'oa na kuchoma mapema. Shamba la kina mama limesimama, na sasa kwa mvua hii miti imeanza kuchipua upya. Funza wa vitumba wamejificha humo. Pamba yake ikianza kuzaa, wataenda wapi kama si kwake?

Nikapewa nafasi. Nilisema kwamba desturi peke yake si sababu. Nilisema kwamba mara nyingi tunafanya jambo kwa kuwa tulilikuta, na kwamba swali halimtukani mtu. Nilisema na mengine. Watu walisikiliza kwa adabu. Yule dada wa ugani aliniacha nikamaliza, kisha akaomba kitabu.

Alienda moja kwa moja kwenye yaliyomo, akateremsha kidole. "Sura ya tisa," akasema, "inahusu pamba." Akajaribu kuifungua, ikakataa. Kurasa za mwisho zilikuwa hazijakatwa kiwandani; zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, mbilimbili. Aliuliza kama kuna mwenye wembe. Mtu mmoja akatoa wa kwenye mfuko wa shati, bado uko ndani ya karatasi yake. Akazichana moja baada ya nyingine, taratibu, asiharibu mali ya maktaba. Darasa zima lilisikiliza ule mchano.

Jirani akasema kitu kwa Kisukuma, watu wakacheka, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili nisikose: "Kumbe hili ni pori, mwalimu. Hata shoka halijaingia."

Dada akasoma. Mwandishi alisema kwamba yote aliyoyaeleza nyuma hayahusu pamba. Mti wa pamba ukibaki shambani baada ya mavuno unakuwa nyumba ya funza mpaka msimu ujao, na hapo hakuna njia ila kung'oa na kuchoma, na kuchoma huko kufanywe na wote kwa wakati mmoja, la sivyo anayeacha anamfugia jirani yake wadudu. Alisoma kwa sauti ya kawaida, hakunitazama kwa kejeli. Afadhali angenitazama kwa kejeli.

Mwenyekiti akauliza ni nani aliyekisoma kitabu hiki.

Nilikuwa na jambo fupi la kusema, lisilomaliza pumzi moja. Mimi sikukisoma. Nilikuwa natazama kipande cha chaki sakafuni, karibu na mguu wa dawati, na nakumbuka nilianza kufikiria mambo ya chaki.

Yule mama akasimama.

"Ni mimi," akasema, kwanza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili. "Nilisoma nusu, nikaharakisha kuwapa wenzangu. Kitabu hakina kosa."

Hakunitazama. Mwenyekiti aliafiki kwa kichwa, kama mtu ambaye amepata alichokitegemea. Akatoa siku mbili miti yote iwe imetoka. Mtu akapendekeza kwamba kuanzia sasa kikundi kisomewe na mtu mwenye elimu kidogo, binti wa nani huyu aliyemaliza kidato cha nne. Wanawake hawakupinga. Kisha mwenyekiti akanishukuru mimi, msomi wao, kwa kuacha kazi na kuja kutoka mbali kuwaletea kitabu. Wakanipigia makofi. Nikaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na yale maziwa niliyanywa.

Hakuja tena maktaba. Wiki mbili zikapita, zikapita nyingine mbili. Nilisikia kwa watu wa basi kwamba walilimaliza shamba lile kwa siku mbili kweli, na kwamba watoto wa shule walisimama barabarani kuwatazama wanawake wakubwa wanavyovuta. Mimi najua mikono inavyokuwa. Na mwanzo wa mwezi uliofuata nikabandika karatasi nyingine mlangoni. Vitabu sita. Sijui nieleze vipi kwamba niliweza.

Kilichonisumbua hakikuwa uongo peke yake. Kila siku nilimwona kichwani mwangu anaamini kwamba yeye ndiye asiyejua kusoma. Mwanamke aliyekuwa akinibishia kuhusu wahusika, aliyefunga vitabu kwenye kanga visiloe, sasa yuko kijijini anajiambia kwamba darasa la saba ni darasa la saba. Nikawaza kwamba hata kama hatarudi, lazima ajue. Kisha nikapitisha wiki nyingine bila kwenda.

Jumamosi moja nilikaa nikakisoma kitabu cha udongo kuanzia ukurasa wa themanini na nane hadi mwisho. Kuanzia sura ya sita mwandishi anaanza kujibishia mwenyewe. Anataja mahali aliposhindwa, shamba lililoharibika kwa ushauri wake, mkulima aliyemfukuza. Sura ya tisa ndiyo bora kuliko zote. Mimi ninayejiita mtu wa kuhoji nilikuwa nimekitupa kitabu palepale kilipoanza kuhoji.

Nikaanza kuvirudia na vingine. Ile riwaya ya cherehani niliimaliza. Hakuna wa kulia mle. Dada wale wanauza cherehani, halafu wanagombania mkasi, na kurasa za mwisho nilizicheka peke yangu mpaka mkuu wangu akachungulia. Ina maana yule mwalimu naye hakufika. Tulikuwa tumesimama pande mbili za meza tukithibitishiana machozi ambayo hayakuandikwa.

Nilipokwenda kijijini nilimkuta yule mama shambani kwake, anapalilia mahindi. Hakuacha kulima. Nilisalimia, akaitikia, akaniuliza habari za Bariadi, habari za kazi, habari za wazazi, na mimi nikazijibu zote. Kisha nikamwambia: "Mayu, sikukisoma kile kitabu. Niliishia pale nilipokwambia uishie."

"Najua."

"Ulijua?"

"Wembe ulipoingia nikajua. Sisi tuliishia sura ya tano. Wewe ndiye uliyesema umefika mwisho." Akang'oa magugu, akayakung'uta udongo, akayatupa pembeni.

Yale yote niliyokuwa nimejiandaa kumwondolea, hakuwa nayo. Hakuwahi kudhani kwamba hajui kusoma. Hilo nilikuwa nimelitunga mwenyewe. Labda lilinipendeza kwa sababu lilinifanya mimi niwe mwokozi. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama.

"Wale wenzangu wana watoto sekondari. Miaka miwili nawaambia, wapelekeni maktaba, yupo mtu pale anavisoma vyote kwanza ndipo anavitoa kwa watu. Sasa ningesimama niseme nini?" Alinyoosha mgongo akanitazama. "Mimi watanicheka mpaka mavuno, kisha watachoka, ni mwenzao. Nyie wa maktaba wangewaacha."

Nikamwambia nitakwenda kwa mwenyekiti leo hii nimweleze ukweli.

"Nenda," akasema. "Ukaseme, upumue, upande pikipiki yako. Na mimi nibaki hapa nao, niwe pia mwongo wa kwenye kikao."

Alilima mstari mzima kabla ya kusema tena. Alisema binti wa kidato cha nne anasoma haraka mno na hatafsiri, anaona aibu Kisukuma chake, na kina mama wamepungua. Nije Jumapili. Nilete kile kitabu. Nisome mimi, chote, kuanzia mwanzo, na yeye atasimulia.

Nilikwenda Jumapili nne. Mara ya kwanza walikuwa sita. Walinipa kigoda, wao wakaketi kwenye mikeka, na mmoja, mnene mwenye sauti ya kwaya, aliniuliza kama leo kurasa nimeshazikata au tumtafute mwenye wembe. Wakacheka, nami sikujua niweke wapi macho. Nilisoma ukurasa, nikanyamaza, mama akausimulia, wakajadili, nikaendelea. Ni kazi ya polepole. Kuna sentensi ambazo kwa Kiswahili nilizipita bila kuzigusa, na yeye alinirudisha nyuma: hapa anamaanisha nini? Mara kadhaa sikujua. Ilibidi niseme sijui.

Jumapili ya nne tukafika sura ya tisa. Walikuwa kumi na mmoja, na jirani yule mwenye pamba alikuwa amesimama karibu, ameegemea baiskeli, kama hasikilizi. Nilifungua mahali wembe ulipopita. Kingo zilikuwa na manyoya manyoya. Nikajaribu kusoma neno la kwanza, nikaacha. Nikasema kwa Kiswahili rahisi kadiri nilivyoweza kwamba kabla ya sura hii kuna jambo: siku ya kikao, aliyekuwa hajasoma ni mimi. Nilimwambia mama aishie sura ya tano kwa kuwa mimi niliishia hapo. Niliandika mlangoni kwamba kila mkulima akisome, na mwenyewe nilikuwa sijakisoma. Alipojitaja yeye, nilinyamaza. Nikanywa na maziwa.

Baadhi walielewa, wengine waligeuka kumtazama mama, wakisubiri. Hiyo ndiyo kazi yake pale, naye aliifanya. Aliunganisha mikono mapajani, akasimulia maneno yangu kwa Kisukuma, moja baada ya jingine, bila kulainisha. Kisukuma changu si kingi kama cha bibi, lakini kinatosha. Nilisikia "hakusoma". Nilisikia "alinyamaza". Alisema hata maziwa. Mwishoni akaongeza neno ambalo mimi sikulitamka, akalisema akinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuanze: kwamba huyu anaona nsoni, aibu.

Jirani alihamisha baiskeli kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Yule mnene wa kwaya alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, hakucheka, akamwambia mama kitu ambacho sikukidaka. Nikamuuliza mama amesema nini.

"Anasema mvua inakuja," akanijibu. "Soma."